Zana za Kidijitali za Hisabati kwa Darasa Lenye Viwango Tofauti: Mwongozo Kamili wa Kuzitengeneza

Mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi ya Bahi, Chamwino au Kongwa mkoani Dodoma huingia darasani akijua kwamba mbele yake wamo wanafunzi wanaotafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zilizotolewa) kwa kichwa, wamo wanaokikumbuka lakini hawajui kinafaa wapi, na wamo ambao bado huiona 1/3 kuwa kubwa kuliko 1/2 kwa sababu tatu inaizidi mbili. Wote hao husubiri zoezi moja litakaloandikwa ubaoni. Wa kwanza watalimaliza kabla mwalimu hajafuta vumbi la chaki mikononi, na wa mwisho watanakili majibu ya jirani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza zana za kidijitali zinazomkuta kila mwanafunzi pale alipo, kwa vifaa ambavyo shule nyingi za Kanda ya Kati zinaweza kuvipata: kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima, na vishikwambi vya walimu, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti, mada ambayo asiyeielewa hubeba udhaifu wake hadi aljebra ya sekondari.

Jambo moja litangulie yote. Zana nzuri ya hisabati haianzii kwenye programu, inaanzia kwenye makosa ya wanafunzi. Mwalimu anayeanza kwa kuuliza ni programu gani apakue huishia na picha zinazochezacheza ambazo hazimfundishi mtu kitu. Anayeanza kwa kuuliza wanafunzi wake wanakosea wapi, na kwa nini, anaweza kutengeneza zana yenye manufaa hata kwa jedwali la kawaida la kompyuta.

Hatua ya kwanza: kusanya makosa na uyape majina

Chukua madaftari ya zoezi lililopita na usisahihishe kwa alama ya vema na kosa pekee, bali andika pembeni jibu lenyewe ambalo mwanafunzi aliyekosea alilitoa. Katika swali la 2/3 + 1/4, ambalo jibu lake ni 11/12, utakuta majibu yasiyo sahihi yanajirudia kwa mpangilio. Aliyeandika 3/7 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili, kwa kuwa kwake sehemu ni namba mbili zilizopandana na si namba moja. Aliyeandika 3/12 ameipata asili ya pamoja lakini hakubadilisha viasi, maana yake anakumbuka hatua bila kujua sababu yake. Aliyeandika 2/12 amezidisha, pengine kwa kuchanganya mada mbili alizofundishwa kwa kufuatana. Aliyeandika 10/12 anaelewa kila kitu isipokuwa aliteleza katika kujumlisha 8 na 3.

Watoto hawa wanne wamekosa swali moja, lakini hawana tatizo moja. Huyo wa mwisho hahitaji kurudiwa somo hata kidogo, na ukimweka pamoja na wa kwanza utamchosha bure. Andika orodha ya makosa ya namna hiyo matatu au manne, kila moja na sababu yake. Orodha hiyo ndiyo ramani ya zana yako, na bila hiyo usiguse kompyuta.

Hatua ya pili: tunga jaribio fupi linalotenganisha makosa

Maswali sita yanatosha. Kinachohitaji uangalifu ni uchaguzi wa namba, kwa sababu namba zikichaguliwa ovyo makosa mawili tofauti hutoa jibu lilelile na mwalimu hawezi kujua mwanafunzi alipita njia ipi. Tazama swali la 2/3 + 2/5. Anayeacha viasi bila kuvibadilisha atapata 4/15, kwa kuwa 2 + 2 ni 4, na anayezidisha atapata 4/15 vilevile, kwa kuwa 2 × 2 ni 4. Swali hilo linaonekana zuri ubaoni lakini kwa upimaji halifai. Badilisha liwe 2/3 + 1/5, na majibu ya makosa hayo mawili yatakuwa 3/15 na 2/15, kila kosa na alama yake. Kabla ya kulipitisha swali lolote, likokotoe mwenyewe kwa kila njia mbaya iliyo kwenye orodha yako, na uhakikishe majibu hayagongani.

Changanya pia maswali yenye asili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kama 3 na 4, na yale yenye kigawo cha pamoja, kama 4 na 6. Katika hayo ya pili ndipo utakapomwona anayezidisha asili daima na kuishia kwenye 24 badala ya 12. Huyo hajakosea, ila bado hajaona faida ya KDS.

Hatua ya tatu: gawa wanafunzi kwa kosa, si kwa uwezo

Baada ya jaribio, panga wanafunzi kulingana na kosa lililojitokeza zaidi. Kundi la kwanza ni la wale wasioiona sehemu kuwa namba moja, la pili ni la wanaojua asili ya pamoja lakini hawabadilishi viasi, na la tatu ni la waliokwisha kuelewa. Makundi haya ni ya mada hii tu. Wiki ijayo, katika mada ya maumbo au vipimo, mwanafunzi wa kundi la kwanza anaweza kuwa wa tatu, na kwa uzoefu wa walimu wengi hutokea mara nyingi kuliko inavyotarajiwa.

Kuyapa makundi majina ya rangi au ya wanyama hakufichi lolote, kwani watoto hung'amua haraka nani kawekwa wapi. Kinacholinda heshima yao ni kuyabadilisha makundi mara kwa mara, na kuhakikisha kwamba makundi yote yanalenga swali lilelile la mwisho wa kipindi. Tofauti iwe katika njia ya kufika, na mahali pa kufika pabaki pamoja. Ukilipa kundi la kwanza mazoezi mepesi mwaka mzima, utakuwa umewapangia kubaki nyuma.

Kwa shule za vijijini kuna kundi jingine ambalo jaribio peke yake halilionyeshi vizuri, nalo ni la waliokosa vipindi. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Desemba hadi Aprili, na kazi nyingi za shamba hubanana humo. Mwanafunzi aliyekuwa akifukuza ndege kwenye mtama hana udhaifu wa kuelewa, bali ana pengo la siku. Mwandalie njia ya kuanzia kazi za kundi la kwanza na kuzipita haraka.

Hatua ya nne: tengeneza jedwali linalojibu kosa

Hapa ndipo kompyuta inapofanya kazi ambayo mwalimu mmoja mbele ya wanafunzi zaidi ya sitini hawezi kuifanya, yaani kumjibu kila mtoto papo hapo kulingana na kosa lake. Tumia programu yoyote ya majedwali, kwa mfano Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure.

Katika safumlalo ya pili, weka kiasi na asili ya sehemu ya kwanza kwenye seli A2 na B2, na kiasi na asili ya sehemu ya pili kwenye C2 na D2. Mwanafunzi ataandika kiasi cha jibu lake kwenye E2 na asili yake kwenye F2. Usimruhusu aandike jibu lote katika seli moja, kwa sababu programu hizi huchukulia 3/7 au 3/12 kuwa tarehe na kuibadilisha kimyakimya, na mtoto atabaki akishangaa mwezi umetoka wapi katika hesabu ya sehemu. Kisha kwenye G2 andika fomula hii katika mstari mmoja (LCM ndiyo KDS kwa Kiingereza):

=IF(OR(E2="",F2=0),"",IF(E2*B2*D2=F2*(A2*D2+C2*B2),"Sahihi",IF(AND(E2=A2+C2,F2=B2+D2),"Umejumlisha asili pia. Chora vipande ulinganishe.",IF(AND(E2=A2+C2,F2=LCM(B2,D2)),"Asili umeipata. Je, kiasi kinabaki kilekile vipande vikiwa vidogo?","Rudia hatua moja moja."))))

Ikiwa programu yako inakataa mkato, weka nukta mkato badala yake, kwani hilo hutegemea mpangilio wa lugha wa kompyuta. Sehemu ya kwanza ya fomula inahakikisha kwamba seli zikiwa tupu hakuna neno linalotokea. Ukiiondoa, jedwali tupu litasema "Sahihi" kila mahali, kwa kuwa sifuri italingana na sifuri. Sehemu ya pili haitafuti 11/12 peke yake, bali inalinganisha kwa kuzidisha kimshazari, hivyo 22/24 nayo inakubaliwa. Hilo ni la makusudi: aliyepata 22/24 amejumlisha sawasawa, na kurahisisha ni somo jingine. Ukitaka umkumbushe kurahisisha, ongeza sharti la GCD(E2,F2)>1, yaani kiasi na asili vina kigawo cha pamoja kinachozidi 1, lenye ujumbe wake, lakini lisije likamhesabu kuwa amekosa.

Nakili fomula kwenda chini kwa maswali kumi. Namba za maswali unaweza kuziandika mwenyewe au kuzipata kwa RANDBETWEEN, fomula inayotoa namba za kubahatisha, ila fahamu kwamba RANDBETWEEN hubadilisha namba kila seli yoyote inapojazwa, kiasi kwamba mwanafunzi akiandika jibu swali linageuka mbele ya macho yake. Ukishapata namba zinazofaa, zinakili na uzibandike upya kama thamani tupu, kisha uzipitishe katika ule mtihani wa makosa kugongana. Mwishoni ondoa kufuli kwenye safuwima E na F peke yake, halafu linda ukurasa mzima ili fomula zisifutwe na vidole vya haraka.

Ujumbe wa marejesho unastahili muda kuliko rangi za jedwali. Uandike kwa sentensi fupi, usio na lawama, na usiotoa jibu. "Umekosea, jaribu tena" haumsaidii mtoto, kwa kuwa atajaribu tena njia ileile. Ujumbe ulio bora unamtaka atazame jambo fulani au achore kitu. Kumbuka pia kwamba kwa wanafunzi wengi wa Kondoa, Chemba au Mpwapwa lugha ya nyumbani ni Kirangi, Kisandawe au Kigogo, kwa hiyo sentensi ndefu ya Kiswahili inaweza kuwa kikwazo cha pili juu ya kile cha hesabu. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza atakayeifuata njia hii ana kazi zaidi, kwa sababu wanafunzi wake wanahamia Kiingereza. Anaweza kuweka maelekezo kwa lugha zote mbili kwa majuma ya mwanzo, kisha akapunguza Kiswahili taratibu.

Hatua ya tano: jenga picha inayosogezwa kwa kundi la kwanza

Anayejumlisha asili kwa asili hatapona kwa kuambiwa kanuni. Anahitaji kuona kwamba theluthi na robo ni vipande vya ukubwa tofauti, na kwamba haviwezi kuhesabiwa pamoja mpaka vikatwe sawa. Kwa kazi hii tumia GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter nchini Austria mwaka 2001. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti.

Anza kwa kuandika a=2, b=3, c=1, d=4 na n=5, kila moja katika mstari wake, kisha onyesha n kama kitelezi (slider) kinachoanzia 2 hadi 30 kwa hatua ya 1. Mipaka ya nje ya mipau miwili, wa juu wa 2/3 na wa chini wa 1/4, ni hii:

Polygon((0,3),(10,3),(10,4),(0,4))
Polygon((0,0),(10,0),(10,1),(0,1))

Maeneo yanayopakwa rangi ni haya:

Polygon((0,3),(10*a/b,3),(10*a/b,4),(0,4))
Polygon((0,0),(10*c/d,0),(10*c/d,1),(0,1))

Na mistari ya migawanyo ni hii:

Sequence(Segment((10*k/b,3),(10*k/b,4)),k,0,b)
Sequence(Segment((10*k/d,0),(10*k/d,1)),k,0,d)
Sequence(Segment((10*k/n,0),(10*k/n,4)),k,0,n)

Mstari wa mwisho uufanye wa nukta nukta na wa rangi nyingine, kwani ndio unaokata mipau yote miwili kwa pamoja. Ficha majina ya pointi na mihimili, vinginevyo skrini itajaa herufi zisizo na kazi.

Mpe mwanafunzi swali moja tu: asogeze n mpaka mistari ya nukta ikutane na kila mstari wa mpau wa juu na kila mstari wa mpau wa chini. Akifika 6 ataona theluthi zimekubali lakini robo zimekataa. Akifika 8, robo zimekubali na theluthi zimekataa. Akifika 12, zote zinakubali, na sasa anaweza kuhesabu kwa kidole kwamba eneo la juu lina vipande 8 na la chini vipande 3. KDS ameikuta kwa macho kabla ya kuitaja. Mwache aendelee hadi 24, akute nayo inakubali, kisha aeleze kwa nini tunaridhika na 12.

Kwa kundi la pili faili hilihili linafaa, ila n iwe imewekwa kwenye 12 tangu mwanzo, na kazi yao iwe kuandika vipande vilivyopakwa rangi kabla na baada ya kukatwa. Tatizo lao liko kwenye kiasi, kwa hiyo usiwarudishe kutafuta asili wanayoijua.

Hatua ya sita: kundi la tatu lipewe kina, si wingi

Kosa la kawaida ni kuwapa waliomaliza maswali kumi mengine ya aina ileile, jambo ambalo mtoto mwerevu hulitambua kuwa adhabu. Wape swali lililo wazi, kwa mfano: tafuta jozi nyingi kadiri uwezavyo za sehemu zenye asili tofauti ambazo jumla yake ni 11/12. Watapata 2/3 + 1/4, kisha 1/6 + 3/4, kisha 5/6 + 1/12, na baadhi watagundua kwamba wanaweza kutoa badala ya kubahatisha. Jedwali la hatua ya nne linawafaa kwa kujihakiki, wakijaza seli zote sita wenyewe katika nakala ambayo safuwima A hadi D nazo hazikufungwa.

Maswali ya maisha yawekwe hapa na kwa makundi mengine pia, mradi vipimo viwe vya kweli. Ndoo ya lita 20 na sado ya lita 4 zinatoa 1/5 bila kulazimisha. Pishi ina vibaba vinne. Mkulima wa Kibaigwa anayeuza nusu ya mahindi yake, akahifadhi theluthi kwa chakula na kutaka kujua alichobakiza kwa mbegu, ametunga swali lililo kamili. Epuka swali linalosimulia hadithi ndefu juu ya hesabu ya mstari mmoja.

Hatua ya saba: andaa pacha wa karatasi

Umeme hukatika, projekta hukataa, na kishikwambi kimoja hakitoshi darasa. Kila zana iwe na toleo la karatasi linalofanya kazi ileile. Vipande vya boksi vya urefu sawa, vilivyogawanywa kwa 2, 3, 4, 6 na 12, vinachukua nafasi ya kitelezi. Kadi zenye swali mbele na nyuma yake orodha ya majibu yanayotarajiwa, kila jibu na ujumbe wake, zinachukua nafasi ya jedwali. Kama shule haina printa, kadi ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Zinadumu, na mara nyingine watoto huzipenda zaidi.

Hatua ya nane: panga kipindi

Katika kipindi cha dakika 40, tumia 5 za mwanzo kuonyesha mipau kwa darasa zima na kuuliza swali la mwisho wa kipindi, ili kila kundi lijue linakokwenda. Dakika 25 zinazofuata ni za vituo: kundi la kwanza likae penye kompyuta, la pili lianze na vipande vya boksi na kupokezana kishikwambi, la tatu liwe na maswali yaliyo wazi. Mwalimu akae na kundi la kwanza muda mwingi, kwa kuwa hilo ndilo linalohitaji mtu wa kuliuliza "umeona nini?" Katika dakika 10 za mwisho wote wajibu swali lilelile, kila mmoja kwenye daftari lake. Andalio la somo liandikwe kwa mpangilio huo, shughuli za kila kundi zikionekana, ili hata mwalimu mwenzako anayekushikia kipindi aweze kuliendesha.

Usitegemee simu za wanafunzi, kwa kuwa hawaruhusiwi kuja nazo shuleni, wala usitegemee bando la mzazi kwa kazi ya nyumbani. Shule yenye vifaa kadhaa inaweza kusakinisha Kolibri, jukwaa la bure la Learning Equality linalofanya kazi kwenye mtandao wa ndani wa shule bila intaneti, na linalomruhusu mwalimu kuyapa makundi tofauti mazoezi tofauti.

Hatua ya tisa: jaribu, rekebisha, kisha shirikisha

Kabla ya kuitumia kwa darasa zima, wape zana wanafunzi watano au sita wa viwango tofauti, ukae kando bila kusema neno. Andika mahali wanapokwama, ujumbe wanaousoma mara mbili, na kitufe wanachobonyeza bila sababu. Ujumbe ambao wawili hawakuuelewa uandike upya. Fungua faili kwenye kishikwambi kilekile kitakachotumika, kwa kuwa baadhi ya programu za simu hufungua majedwali kwa kusoma tu.

Baada ya juma moja, toa jaribio la pili lenye muundo wa lile la kwanza na namba mpya, kisha linganisha makosa na si alama pekee. Mwanafunzi aliyehama kutoka kosa la aina ya 3/7 kwenda la aina ya 3/12 bado amepata sifuri katika swali hilo, lakini amepiga hatua kubwa na kundi lake limebadilika. Kosa jipya lisilo kwenye orodha likijitokeza mara kadhaa, liongezee ujumbe wake kwenye fomula.

Faili lililokamilika lipe jina linaloeleza mada, darasa na tarehe, lihifadhi kwenye flashi mbili, na ulipeleke kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), pamoja na orodha ya makosa uliyoanzia. Orodha hiyo ni ya thamani kuliko faili lenyewe, kwa sababu mwalimu wa Manyoni au Singida anaweza kuitumia kutengeneza zana yake hata kama hana programu kama yako. Kabla ya kulitoa, ondoa majina ya wanafunzi na matokeo yao, na kama unahitaji kuonyesha mwenendo wa makosa tumia namba tu, kwani taarifa za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwombe atakayelitumia akurudishie makosa aliyoyakuta darasani kwake, uyaongeze kwenye toleo linalofuata.